Kulea Peke Yako: Bajeti ya Mwezi Mbaya na Msaada Usiokuja kwa Haraka

Ushauri mwingi wa fedha umeandikwa kwa ajili ya watu wawili, hata pale unapozungumza na mtu mmoja. Weka akiba ya miezi sita, gawa kipato mafungu matatu, usiguse fungu la uwekezaji. Ndani yake kuna dhana ambayo haisemwi: mmoja akiugua mwenzake yuko kazini, mmoja akiachishwa kazi mwenzake atalipa kodi ya nyumba, na mtoto akipata homa usiku wa kuamkia Jumatatu yupo wa kubaki naye. Mzazi anayelea peke yake, awe mama au baba, mjane, mtalaka au aliyekimbiwa tangu siku za mimba, huyo mwenzake hayupo. Ndiyo maana shida yake haiishii kwenye udogo wa kipato. Tukio dogo tu humpiga pande mbili kwa mpigo: kipato kinashuka saa ileile matumizi yanapopanda.

Tuliweke kwenye hesabu. Mama mmoja analipwa kwa siku, kwa mwezi anafanya kazi siku 22, na kipato chake chote cha mwezi tukiite 100. Kodi ya nyumba inakula 35, chakula 30, malipo ya anayemwangalia mtoto 15, nauli 8. Zinabaki 12. Kwa karatasi hiyo mambo yake si mabaya, hata akiba anaweza kuweka. Sasa mtoto anaumwa, mama anakosa kazi siku tatu. Siku tatu kati ya 22 ni karibu 14 za kipato chake. Matibabu na usafiri wa kwenda na kurudi hospitali vinachukua 6. Jumla 20. Tumpunguzie 1 ya nauli ya kazini ambayo hakuitumia, zinabaki 19, na ziada aliyokuwa nayo ni 12. Amepungukiwa 7. Hajacheza na pesa, hajanunua kitu cha anasa, ameuguza mtoto tu. Akizikopa hizo 7 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mwezi unaofuata anauanza akiwa tayari anadaiwa zaidi ya 8, na homa za watoto hazina desturi ya kuja mara moja kwa mwaka.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha mahali pa kuanzia. Bajeti ya mzazi wa namna hii haipangwi kwa mwezi wa kawaida. Inapangwa kwa mwezi mbaya.

Kupanga kwa mwezi mbaya

Rudi nyuma miezi sita au zaidi, tazama mwezi ulioingiza pesa kidogo kuliko yote, kisha uliza: matumizi yasiyoepukika yanaenea ndani ya kiasi hicho? Nayo ni machache: pa kulala, chakula, maji na umeme, malezi ya mtoto wakati uko kazini, usafiri wa kukufikisha kazini, dawa. Yakienea, chochote kinachozidi katika miezi mizuri tayari kina kazi yake, ya kuibeba miezi mibaya. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka anaweza kujilipa mshahara: mapato yote yanaingia mahali pamoja, kisha kila mwezi anatoa kiasi kilekile, na ziada inakaa kusubiri mwezi mkavu.

Na yasipoenea? Hapo mimi natofautiana na waandishi wengi wa mambo ya fedha. Huo ushauri wa kuacha vocha na vitafunwa unaotolewa kwa mtu ambaye kodi ya nyumba na malezi ya mtoto vimekula zaidi ya nusu ya kipato chake ni wa kumsumbua bure. Punguza vidogo vyote, hutapata hata robo ya pengo. Bajeti isiyoenea kwenye mwezi mbaya inakuambia jambo moja tu: kitu kimojawapo kikubwa lazima kibadilike, yaani nyumba, malezi au kazi, au lazima msaada utafutwe. Ukilijua hilo mapema hutajilaumu miaka mitatu kwamba huna nidhamu, wakati tatizo lilikuwa kujumlisha na kutoa.

Kuna matumizi mengine yanayojifanya dharura wakati tarehe zake zinajulikana mwaka mzima: ada, sare, kulipia bima upya, siku ambazo shule imefungwa na mtoto anahitaji wa kushinda naye. Jumlisha ya mwaka mzima, gawa kwa 12, tenga kila mwezi. Hakuna zaidi.

Akiba ya dharura nayo ianze kwa lengo linalofikika. Miezi sita ya kipato ni ndoto ya kumkatisha mtu tamaa. Kwa mama wetu lengo la kwanza ni 20, thamani ya mtoto kuugua mara moja. Akiweka 2 kwa mwezi, miezi kumi anafika, na akishafika homa inabaki kuwa homa, haigeuki deni. Pesa hiyo isikae kwenye simu anayolipia kila kitu, maana huko itayeyuka. Lakini isifungiwe mahali pa kusubiri wiki mbili kuitoa pia.

Muda wa kuamua una uzito wake. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Watu walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, na tena baada ya kuuza. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ufafanuzi wa watafiti ni kwamba mawazo ya pesa yenyewe yanakula nafasi kichwani. Mzazi anayekokotoa bei za sokoni huku akiwaza homa ya mtoto anaijua hali hiyo bila kusoma jarida lolote. La kufanya ni maamuzi makubwa yafanyike siku pesa inapoingia, na kodi, akiba na ada zitoke siku hiyohiyo, ikiwezekana zitoke zenyewe benki. Tarehe 25 si siku ya kumtegemea mtu awe na busara.

Deni linakuja kwa dakika, msaada kwa wiki

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mkopo wa simu unaingia kabla hujamaliza kunywa chai. Ombi la ruzuku, punguzo la ada au shauri la matunzo linachukua wiki, pengine miezi. Mtu anayeanza kutafuta siku ile shida imefika atakutana na mkopo kwanza kila mara, kwa kuwa ndio pekee unaowahi. Msaada unatakiwa kutafutwa wakati hali bado inavumilika. Najua ni vigumu, kwa sababu hali inapovumilika mtu hujiona hastahili.

Ukilazimika kukopa, usiulize riba ni asilimia ngapi. Uliza: mkononi napata kiasi gani, na mpaka namaliza nitakuwa nimelipa jumla ya kiasi gani, ada zote zikiwemo? Asilimia huficha mengi. Chukua mkopo wa 1,200 wa mwaka mmoja, riba asilimia 20 inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza. Unalipa 120 kila mwezi, jumla 1,440. Inaonekana ni asilimia 20 kweli. Lakini kila mwezi unarudisha sehemu ya pesa ya watu, na riba inaendelea kutozwa kana kwamba zote 1,200 bado unazo. Ukiupima kwa riba inayohesabiwa juu ya salio linalobaki, mkopo huo ni wa asilimia 35 kwa mwaka. Mikopo ya siku chache ni mibaya kuliko huo: kulipa 15 juu ya 100 kwa wiki mbili kunaonekana kidogo, ila mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili, na 15 mara 26 ni 390. Ile ya asilimia 10 kwa mwezi, ukiiacha riba ilundikane juu ya deni, 100 inafika 314 baada ya miezi 12. Watu hawakukosea kuiita kausha damu.

Ukiwa umeshaingia, panga wadai kwa madhara wanayoweza kukufanyia, si kwa kelele zao. Anayepiga simu mara nane kwa siku mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mwenye nyumba, anayekata umeme, mwenye mkopo ulioweka dhamana kitu unachokitegemea kwa kazi, amri ya mahakama: hao ndio wa kwanza hata kama wamekaa kimya. Na ongea na mdai kabla ya tarehe ya kulipa, ukiwa na kiasi unachoweza kukitimiza kila mwezi. Mdai anayeahidiwa 10 akaletewa 10 hutulia kuliko anayeahidiwa 40 akaletewa udhuru.

Mahali pengine pa kukopa ni kikundi. Michezo ya upatu iko karibu kila pembe ya dunia kwa majina tofauti, na inasaidia kununua kitu kikubwa, lakini ina dosari kwa mzazi wa peke yake: zamu yako haifuati ugonjwa wa mtoto wako. Vikundi vya kuweka na kukopa, mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea nchi nyingi, vina nafuu zaidi. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kwa riba wanayojipangia wenyewe, na mwisho wa mzunguko riba hiyo inarudi kwao. Vingi vina mfuko wa jamii uliotengwa kwa msiba na maradhi. Kabla ya kujiunga, uliza kuhusu mfuko huo kuliko unavyouliza kuhusu gawio.

Matunzo ni ya mtoto

Mzazi aliye hai na hayupo nyumbani bado anadaiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika ibara ya 18 kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto, na ibara ya 27 inaitaka serikali ihakikishe matunzo yanapatikana kutoka kwa mzazi, awe ndani ya nchi au nje. Mwenye haki ni mtoto. Anayepokea pesa ni mshika mkoba tu, kwa hiyo hana haja ya kuomba kana kwamba anaomba fadhila, na kusema "sitaki hata senti yake" ni kukataa kitu kisicho chake. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa wengine kukataa huko ndiko kunakolinda amani ya nyumba. Penye kipigo au vitisho, usalama unatangulia matunzo. Mweleze afisa ustawi wa jamii au wakili wa msaada wa kisheria hali ilivyo tangu mwanzo, ili madai yapitie njia isiyokulazimu kukutana naye wala kumwonyesha unapoishi.

Penye amani, makubaliano ya mdomo ni mwanzo mzuri na mwisho mbaya. Yaandikwe: kiasi gani, tarehe gani, kwa njia gani, nani analipa ada na nani matibabu, na kiasi kitaangaliwa upya lini, maana mtoto wa miaka miwili na wa miaka kumi na miwili hawali sawa. Pesa zipite benki au kwenye simu ili kila malipo yaache alama. Hata mlipaji anafaidika, kwani anayelipa taslimu hana cha kuonyesha siku akiambiwa hajawahi kutoa kitu. Na kulipa na kumwona mtoto katika sheria za nchi nyingi ni mambo mawili yanayojitegemea: asiyelipa hanyimwi mtoto kwa sababu hiyo tu, na aliyenyimwa mtoto hasimamishi malipo. Kila moja lina mlango wake mahakamani.

Mzazi mwenzio akiwa ng'ambo, usidhani kamba imekatika. Mkataba wa The Hague wa tarehe 23 Novemba 2007, unaotumika tangu 2013, umeweka ofisi katika nchi wanachama za kupokea madai ya matunzo kutoka nje na kuyafuatilia huko mlipaji aliko. Uliza kwenye wizara inayoshughulika na sheria kama nchi zenu zote mbili zimo. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Ujerumani, tangu 1980, serikali humlipa mtoto matunzo ya awali pale mzazi asipolipa, kisha yenyewe inamdai mzazi huyo. Mwaka 2017 utaratibu huo ulipanuliwa mpaka mtoto atimize miaka 18. Hapo mtoto hasubiri ugomvi wa wakubwa uishe.

Kwingineko kote, fimbo ya mbali haiui nyoka. Matunzo ambayo hayajafika kwa mpangilio miezi kadhaa mfululizo usiyategemee kulipia kodi ya nyumba. Yakija, yaende kwenye ada, kwenye akiba ya dharura, kwenye madeni, mahali ambapo yakikosekana mwezi mmoja hakuna atakayefukuzwa.

Msaada: unaupataje bila kuzungushwa

Msaada si pesa taslimu peke yake. Kuna unaokupa pesa, kuna unaokupunguzia gharama, na kuna unaokupa muda, na huu wa tatu ndio watu hawauombi. Dada anayekaa na mtoto alasiri mbili kwa wiki amekupa nafasi ya kufanya kazi, na ile 15 ya malezi kwenye hesabu yetu inapungua. Kwa ndugu, omba muda kabla ya kuomba pesa. Na wakikupa pesa, semeni siku hiyohiyo kama ni zawadi au mkopo.

Ruzuku za serikali zinatofautiana mno, lakini masharti yake yanafanana: nani anamlea mtoto, kipato ni kiasi gani, mnaishi wangapi. Afrika Kusini ilianza ruzuku ya kulea watoto mwaka 1998, na anayeipokea ni yule anayemtunza mtoto kila siku, hata akiwa bibi au shangazi. Kigezo kama hicho kipo nchi nyingi, kwa hiyo mlezi asiye mzazi asijiondoe mapema kwenye foleni.

Ukiongezewa kipato, msaada unaweza kupungua, na hapo hesabu inahitaji utulivu. Uingereza, kwa mfano, tangu mwishoni mwa 2021 anayepokea Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hupunguziwa peni 55 kwa kila pauni anayoongeza kazini, akishavuka kiwango anachoruhusiwa. Kwingine hakuna kushuka taratibu: ukivuka mpaka, msaada wote unakatika. Turudi kwa yule mama. Anapewa kazi ya 130 badala ya 100. Malezi yanapanda kwa 12 kwa kuwa anarudi usiku, nauli kwa 4, na punguzo la ada alilokuwa nalo, la thamani ya 10, linaondoka. Nyongeza ya 30 imebaki 4, na jioni zake amezipoteza. Je, aikatae? Si lazima. Kazi mpya yenye bima ya afya, likizo ya ugonjwa yenye malipo na mchango wa pensheni imemwondolea yale maumivu ya siku tatu tuliyoanza nayo, na thamani hiyo haionekani kwenye 4. Lakini aamue akiijua hesabu, na aulize ofisini kabla ya kusaini kwamba msaada wake utaguswa vipi.

Kinachochelewesha maombi mara nyingi ni karatasi. Bahasha moja iwe na nakala za cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kitambulisho, uthibitisho wa kipato (hata barua ya mwajiri au daftari la mauzo), mkataba wa nyumba, na karatasi inayoonyesha kwa nini unalea peke yako: cheti cha kifo, hati ya talaka, amri ya mahakama, au barua ya serikali ya mtaa. Piga picha zote uziweke kwenye simu. Kisha omba kitu mahususi. Barua kwa mwalimu mkuu inayosema "naomba msaada, maisha magumu" inamwachia yeye kazi ya kufikiri. Hii inampa kazi ya kukubali: "Mimi ni mzazi pekee wa watoto wawili hapa shuleni. Naomba kulipa ada ya muhula huu kwa awamu tatu, kila mwisho wa mwezi. Awamu ya kwanza nimeiambatisha." Hospitali kubwa huwa na ofisi ya ustawi wa jamii, iulizie kabla ya bili kufungwa, si siku ya kuruhusiwa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize siku ya mwisho ya kukata rufaa. Kukataliwa kwa sababu ya karatasi iliyokosekana si kukataliwa kwa moja kwa moja.

Yeyote anayetaka utume "ada ya usajili" kwanza ili upewe msaada ni tapeli. Wazazi wanaolea peke yao wanawindwa kwa sababu wanajulikana kuwa na haraka.

Jina lililoandikwa kwenye fomu

Limebaki jambo ambalo wengi hawapendi kulitazama. Mtoto anamtegemea mtu mmoja, je, mtu huyo akiondoka? Bima ya maisha ya muda maalumu, ile inayolipa ukifariki ndani ya kipindi na isiyorudisha kitu usipofariki, kwa kawaida ni nafuu kuliko zile zinazochanganywa na akiba, na kinachohitajika ni kuvuka miaka mpaka watoto wajitegemee. Sitoi ushauri wa kukata bima hiyo kabla ya akiba ya dharura kuwepo, maana michango ikikatika kinga inakatika nayo.

Lakini fomu haigharimu kitu. Kwenye bima, pensheni, akaunti na kikundi umeandika mnufaika. Ukimwandika mtoto mdogo peke yake, taasisi nyingi hazimkabidhi pesa. Hushikwa na mtu mzima anayetambuliwa na sheria, na mara nyingi wa kwanza kutambuliwa ni mzazi aliyebaki hai, yuleyule ambaye pengine mlitengana kwa sababu ya pesa. Andika wosia unaomtaja mlezi wa mtoto na msimamizi wa mali ya mtoto, ambao si lazima wawe mtu mmoja, na waulize kwanza kama wanakubali. Kisha zipitie zile fomu za zamani, hasa zilizojazwa kabla ya talaka. Wosia mpya mara nyingi hauna nguvu juu ya jina lililoko kwenye fomu ya pensheni, na fomu hubadilishwa kwa kufika ofisini na kitambulisho.